Kivuli cha Kuazima

Picha waliyoiweka juu ya jeneza la Dada Vestina haikuwa na pua. Sitanii. Ilikuwa na macho mawili na mdomo uliopakwa wekundu ambao marehemu hakuwahi kuupaka, na pale katikati pamekuwa tambarare kama sinia, yamebaki matundu mawili tu ya kupumulia. Mdogo wake, Deo, ndiye aliyeipeleka kwa vijana wa stationari kule mjini. Wakaitoa kwenye simu yake, wakaipitisha kwenye hiyo programu yao ya kung'arisha watu, wakaichapa kubwa na kuitia fremu ya dhahabu. Waombolezaji wakawa wanapita mbele ya jeneza wakisema amependeza. "Kama malaika," alisema mama mmoja wa jumuiya. "Wamemsafisha vizuri," Deo akajibu, kwa sauti ya mtu anayepokea pongezi. Binti yangu Anitha, ambaye yuko darasa la tatu na hajui kunong'ona, akanivuta kanga: "Mama, huyo mama wa kwenye picha mbona hana pua?" Nikamfinya. Kisha nikajuta kumfinya, maana katika nyumba nzima ile ni yeye peke yake aliyetumia macho yake. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwaambia watu wa Tabora kwamba sura ni kivuli, ukiondoa kivuli umeondoa mtu, tulimsindikiza kaburini na picha ambayo haikuachiwa kivuli hata chini ya kidevu. Nilipandwa na hasira hadi mtoto niliyembeba mgongoni akaamka.

Mwaka niliokaa kwake nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka na hayakuwa ya kumwonyesha mtu, na tumbo limeanza kuonekana. Ya nyumbani kwetu nayaruka. Waliosema walisema, waliofunga mlango walifunga. Aliyenipa mimba alikuwa dereva wa lori la tumbaku na simu yake ilikuwa haipatikani. Kule Isevya, nyuma ya mashine ya kusaga, kulikuwa na kibao: PICHA ZA MAREHEMU NA WALIO HAI. Niliingia kuomba kazi ya kufua na kupika. Nikamkuta mwanamke mnene, wigi limekaa upande, brashi mdomoni, anagombana na mteja aliyekuwa amesimama na picha ya baba yake mkononi. "Umempaka mzee masizi shavuni," mteja alikuwa analalamika. "Hayo siyo masizi, hilo ndilo shavu," Vestina akamwambia. "Unataka nilifute? Nikilifuta utakwenda kutundika chapati ukutani, uiamkie shikamoo kila asubuhi." Mteja akaondoka na shavu la baba yake. Vestina akanigeukia, akanitazama tumboni, akanitazama usoni, akasema, "Wewe umenuna vizuri. Kaa hapo karibu na dirisha nikuone." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nilikuja kuelewa baadaye kuwa hakuniajiri kwa ajili ya kufua.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha uani, kuta za chokaa, dirisha moja tu upande wa machweo. Dirisha la pili aliliziba mwenyewe kwa matofali. Alisema mwanga ukitoka pande mbili ni kama ushahidi wa watu wawili waliogombana, humwamini yeyote. Ukutani mle hakukuwa na picha. Kulikuwa na vivuli. Kila mtu aliyekaa kwenye kigoda chake alasiri, jua likimpiga ubavuni na kivuli chake kikaanguka ukutani, Vestina alichukua mkaa kutoka jikoni akakifuatisha pembeni: paji, pua, midomo, shingo. Vilikuwa vimejaa, vingine vimepandana, vya watoto chini na vya wakubwa juu, kama watu wanaosubiri treni. Mle ndani kulinuka tapentaini na karanga za kukaanga. Kiangazi tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga, mvua za kwanza zilipoanguka tukala uyoga hadi ukanikinaisha, na wakati wote ule kulikuwa na yai. Yai moja, kwenye sahani, juu ya kitambaa cha kijivu. Kabla ya kukigusa chakula nilitakiwa kulichora. "Ukilipatia tunalikaanga," alisema. "Ukikosea unakula ugali na chumvi, na mimba yako itanisamehe." Nilikula ugali na chumvi mara nyingi.

Siku moja nilichoka, nikamwambia yai ni jeupe, limekwisha, nichore nini? Akachukua kipande cha boksi la sabuni, akakitoboa matundu mawili, akanipa nichungulie. Tundu moja lilionyesha upande wa yai ulioko kivulini. La pili lilionyesha kitambaa pale kilipopigwa na jua. Kitambaa cha kijivu ndicho kilichokuwa cheupe. Yai lilikuwa jeusi kuliko kitambaa. Nikaondoa boksi: yai jeupe, kitambaa kijivu. Nikarudisha boksi: kinyume. Nilifanya hivyo kama mtu aliyechanganyikiwa. "Jicho lako linajua kwamba yai ni jeupe," Vestina akasema, "kwa hiyo halihangaiki kulitazama." Nimelifikiria boksi lile mara nyingi kuliko masomo yote niliyoyasoma shuleni. Nilijua kwamba mwanamume fulani ananipenda, kwa hiyo sikuhangaika kumtazama. Ningekuwa na matundu mawili ya kumchungulia yule dereva ningemwona rangi yake halisi mapema sana. Lakini hilo Vestina hakunifundisha. Alinifundisha yai.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ni marehemu. Huku kwetu mtu akishatimiza mwaka kaburini, ndugu hulijengea, husomesha misa, na sebuleni hutaka sura yake itundikwe. Sasa walete picha: ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, imepigwa kwa flashi usoni. Flashi humeza kila kitu. Unabaki na macho na nywele. Vestina alikuwa na njia yake. Alikwenda msibani akawapanga ndugu kwenye benchi kama anachagua mbuzi, akamtafuta anayefanana na marehemu, akamkalisha dirishani, akachukua kivuli cha aliye hai akamvisha aliyekufa. Aliiita kuazima. Wakati mwingine aliharibu. Kuna mzee wa Kigwa alipewa kivuli cha kaka yake, kumbe kaka alishawahi kuvunjwa pua kwenye mpira. Mjane alipoiona picha akauliza mume wake kapigana na nani huko aliko. Vestina alicheka hadi wigi likaanguka, ndipo akairudia. Na kabla ya kuchora lazima aulize: "Utaitundika ukuta gani? Dirisha liko wapi?" Maana alitaka kivuli cha kwenye picha kikubaliane na mwanga wa sebule yao, ili mtu akiingia adhani jua lile lile limempiga marehemu. "Hapa Tabora," aliniambia siku moja tukiwa tunamenya karanga, "watu wamepita tangu zama za misafara, pembe begani, kamba shingoni, wakaelekea pwani na wengine wakaelekea ziwani. Hakuna hata mmoja aliyeacha sura yake. Tunayajua majina ya wenye mali tu. Hilo linanitia hasira." Alikuwa na hasira kuliko mimi, ila za kwake zilikuwa na pa kwenda.

Mama Skola alifika kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu mchana mmoja wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope, kitambulisho cha mwanawe kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Aliongea Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, taratibu, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele na pazia la chumba cha kazi lilikuwa kanga nyepesi tu, kwa hiyo nilisikia yote. Skola alikuwa binti yake wa pekee, na amekufa katika uzazi, yeye na mtoto. "Nimeanza kumsahau," Mama Skola alisema. "Asubuhi namwona. Ikifika mchana natafuta pua yake siipati. Natazama hii kadi, naona mtu mweupe. Mwanangu hakuwa mweupe." Vestina akauliza kama ana dada, ana shangazi, ana yeyote wa kufanana naye. "Walibaki kule Burundi, au walikufa," akajibu. "Mimi mwenyewe hakunichukua. Alimchukua baba yake, naye hayupo." Nikasikia kigoda kikikwaruza sakafu. Kisha Mama Skola akasema kwa sauti ndogo: "Na huyo binti aliyeko uani? Mbona ana taya kama lake." Vestina akasema, "Yule? Yule ana mimba na hasira za kuchemshia maharage." "Naona," akasema Mama Skola. "Skola naye alikuwa hivyo hivyo, tumbo limekaa juu."

Niliingia na ungo wangu mkononi. Shikamoo sikutoa. "Dada Vesti, usithubutu," nikamwambia. "Mtu amekufa kwa kujifungua, halafu mimi na tumbo hili nikae nimwazime uso? Una wazimu wewe?" Mama Skola akainama kama aliyepigwa. Vestina hakunifokea. Alifuta brashi, akasema, "Kivuli hakitoki kwako. Ukisimama unaondoka nacho, uende nacho chooni ukitaka." Nikamwambia haya siyo mambo ya kutania. "Sitanii," akasema. "Huyu mama amebakiza mchana mmoja au miwili kabla hajampoteza mwanawe mara ya pili. Mimi ninachohitaji ni taya, shavu na pua. Hofu yako baki nayo mwenyewe." Nilikaa. Sijui hasa kwa nini. Labda kwa sababu yule mama alikuwa ameanza kukifunga kitambulisho tena kwenye pindo, taratibu, bila kubisha, kama mtu aliyezoea kuambiwa hapana.

Nilikaa alasiri kadhaa kwenye kigoda, jua ubavuni, Mama Skola ameketi kwenye mkeka miguuni pangu akitengeneza mboga ili asikae bure. Alisema kidogo kidogo, Vestina akirekebisha. Midomo yake ilikuwa mizito zaidi. Hapa kwenye kona ya jicho palikuwa na kakovu. Alipenda kukaa ameegemea hivi. Nilielewa wakati ule kitu kuhusu vivuli ambacho yai halikunionyesha: kwamba siyo vyeusi. Chini ya kidevu changu, Vestina alitia wekundu kwa sababu nilivaa blauzi nyekundu, na wekundu ule ulinipandia shingoni kama maji. Kwenye ukuta wa chokaa jua likishuka kivuli changu kilikuwa cha buluu. Nilikaa nikitazama tumbo langu la buluu ukutani na mle ndani mtoto akageuka, nikaona huyu Skola ananyonywa kutoka kwangu, tone kwa tone, kuingia kwenye ile hadibodi aliyochorea Vestina. Nilikuwa na hasira kwa kila mtu. Kwa dereva. Kwa Vestina. Kwa Mama Skola na upole wake. Kwa Skola mwenyewe, aliyekufa akanitishia hivyo. "Kunjua uso," Vestina aliniambia, mara nyingi. Sikukunjua.

Picha ilipokwisha alimwita Mama Skola asimame pale pale ambapo mwanga ungempata kama kwenye sebule yake. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Akasogea, akanyoosha mkono, akagusa shavu, na rangi ilikuwa bado mbichi ikambaki kwenye kidole. Akakitazama kile kidole. "Ndiye," akasema. Akavuta pumzi. "Lakini hapa." Akaonyesha katikati ya nyusi, pale palipokuwa na mkunjo wangu, mkunjo ambao Vestina aliuchora kama ulivyo. "Mwanangu hakuwa na hasira." Nilitaka ardhi inimeze. Nilitegemea Vestina achukue kitambaa afute. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Akasema, "Amekufa hajamwona mtoto wake, mama. Asiwe na hasira?" Mama Skola alikaa kwenye mkeka muda mrefu akiitazama, kisha akaifunga kwenye shuka, akaaga, akaondoka nayo kama ilivyokuwa. Nilimgombeza Vestina hadi jioni. Nilimwambia amemharibia mama wa watu. "Inawezekana," akasema. "Siwezi kujua. Lakini ningefuta ule mkunjo ningekuwa nimemchora nani?" Alinikaangia yai usiku ule bila mimi kuchora chochote, na hakuna aliyelitaja.

Anitha alizaliwa salama. Nilipigana kama mnyama na tulitoka wote wawili. Vestina alikuja na chupa ya uji na akanitolea hotuba: rudi kazini, mtoto atalala chini ya meza, mikono yako imeanza kuona. Nilimwambia nitarudi. Halafu dereva akatokea, simu inapatikana, ana godoro jipya na maneno, nikaenda naye Kaliua. Nimeishi kando ya reli ile nikiuza vitumbua kwa abiria wa treni ya Mpanda, nimezaa tena, nimeachwa tena, nimerudi Tabora. Nilipita kwa Vestina mara mbili tatu, kwa haraka, mtoto analia, soko linaniita. Kila mara aliuliza swali moja: "Vidole vyako bado vipo?" Nilicheka, nikasema vipo, dada, nitakuja. Kuna kitu kimoja ambacho sikukiwaza hata mara moja, na ndicho kinachonikosesha usingizi sasa: kila mtu alikuwemo ukutani mle isipokuwa yeye. Mwenye mkaa hawezi kufuatisha kivuli chake mwenyewe; akigeuka, nacho kinageuka. Alihitaji mtu wa pili. Mtu wa pili nilikuwa mimi, nami nilikuwa Kaliua nageuza vitumbua.

Siku iliyofuata mazishi nilikwenda uani peke yangu, nikiwaza angalau nikaone ukuta. Niliusukuma mlango nikakuta rangi ya krimu. Mpya, ya kung'aa, inanuka. Deo alikuwa ameipiga ili wageni wa msiba wapate pa kulala. Vivuli vyote vimekwenda, watoto wa chini, wakubwa wa juu, mimi na tumbo langu. Nilitoka nje nikiwa nachemka. Wanaume walikuwa chini ya turubai wakipanga habari za kaburi, na Deo alikuwa anaeleza kwamba ile ile picha ya jeneza itachapwa kwenye kigae, ibandikwe pale juu ya saruji, idumu.

"Itadumu bila pua?" nikasema.

"Dada, huu ni msiba," Deo akasema.

"Najua ni msiba. Umeufanya wewe. Umempeleka dada yako akanyooshwe kama shuka, na sasa unataka akae hivyo mpaka kiama. Mwulize hata mtoto wangu."

"Hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo, na hata kwenye simu flashi ilikuwa imeumeza uso," Deo akasema. "Alichora watu wote, yeye hakutaka kupigwa. Unataka nifanyeje? Sisi wawili hatufanani, mimi ni mtoto wa mama mdogo. Ulitaka nimwazime nani?"

Kumbe alikuwa anajua habari za kuazima. Kumbe hata yeye alikuwa amewaza. Hasira zangu zikakosa pa kusimama. Na hapo, kutoka kwenye mkeka wa wanawake, akasimama mama mmoja mwembamba, mzee kuliko nilivyomkumbuka, kitenge kimefungwa pindo vile vile. Nilimjua kwa mwendo, ule wa kukanyaga mawe mtoni.

"Shikamoo, mama," nikasema. Safari hii nilitoa.

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama Anitha kwa muda. "Ndiye aliyekuwa tumboni?"

"Ndiye."

Akatikisa kichwa taratibu. "Picha iko pale pale ukutani, kushoto kwa dirisha, kama alivyosema Vestina. Nilitaka kuuleta ule mkunjo aufute. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Lakini nikiamka asubuhi namkuta Skola amekasirika, nasema, vyema, basi siko peke yangu." Akajishika shavu. "Mimi na marehemu hatukufanana. Ila yeye alikuwa na mashavu mazito na mimi niliwahi kuwa nayo. Na pua yangu ipo."

Ilikuwa alasiri. Nilimkalisha kwenye kile kigoda, dirishani. Nilimpa Anitha mtoto amshike, nikaenda kwenye jiko la msiba nikachagua mkaa mwembamba uliozimika. Deo alisimama mlangoni na ile fremu ya dhahabu, akaniinulia picha nipate upana wa uso na macho. "Ukuta umepakwa juzi," akasema, lakini polepole, na hakunizuia. Vidole vilikuwa vigumu. Vimezoea kugeuza vitumbua. Nikavunja mkaa wa kwanza, nikachukua mwingine, nikaanza na pua: kivuli cha ubavuni, kipana, kinachoshuka na kujikunja chini ya tundu, na pembeni yake ile krimu ya Deo ikageuka kuwa jua. Nikaenda shavuni. Jua lilikuwa linashuka na kumpiga Mama Skola machoni, akakunja uso.

"Kunjua kidogo, mama," nikamwambia. "Mkunjo unaingia kwenye picha."

"Uache uingie," akasema. "Huyu alikuwa na hasira."

Nikaukoleza.